Motoka yenye kosa: nani analipa?

Sisi wa sendika tunajua karatasi. Patro akitaka jambo lijulikane, analibandika ukutani. Akitaka lisijulikane, anawatumia mafundi peke yao. Njo maana tunasema leo juu ya motoka, sababu kule nako kuko karatasi mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Ya kwanza njo rapeli. Kiwanda kinakubali, ao serikali inakilazimisha kukubali, kwamba motoka iko na kosa la hatari. Kule Marekani kinapaswa kumwandikia kila mwenye motoka na kuitengeneza bure, hata kama garanti imekwisha zamani. Ya pili ni nota ya ufundi. Hii inaenda kwa magaraji ya kiwanda: mteja akilalamika hivi, tengenezeni hivi. Garanti ikiisha, mara nyingi mwenyewe analipa. Nota nyingi ni za vitu vidogo, mlango wenye kelele, redio inayokatika. Hatuna shida nazo.

Shida ni pale kosa la kuua watu linavalishwa nguo ya nota. Tazameni General Motors. Kwenye motoka kama Chevrolet Cobalt, mahali pa kuingiza ufunguo palikuwa palegevu. Funguo zikiwa nzito, ao goti likigusa, moteri inazimika njiani, volani inakuwa nguvu kugeuza, na mifuko ya hewa haifunguke wakati wa kugonga. Desemba 2005 kiwanda kilitoa nota: ambieni wateja wapunguze vitu kwenye funguo zao. Neno la kusema moteri inazimika halikuandikwa. Rapeli ilikuja 2014, miaka zaidi ya 8 nyuma, na mwisho ikagusa motoka milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Kile chuma chenyewe bei yake haikufika dola 1! Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 900, lakini wale 124 walikuwa wamekwisha zikwa.

Na sisi huku? Motoka zetu nyingi zinatoka Japani zimekwisha tumika, zinashuka Dar es Salaam, zinaingia na Kasumbalesa. Barua ya rapeli inabaki kwa mwenyewe wa kwanza. Mifuko ya hewa ya Takata, ile inayoharibika na joto na unyevu mpaka inarusha vipande vya chuma usoni mwa dereva, iliitwa irudishwe dunia nzima, kwenye Toyota, Honda, Nissan na zingine. Nani aliangalia kama yako ilibadilishwa mbele ya kupanda meli? Muuzaji hatakuambia, yeye anaangalia rangi na matairi.

Basi, mbele ya kutoa feza, omba namba ya shasi. Viwanda vya Japani vinaruhusu kutafuta rapeli kwa namba hiyo kwenye intaneti. Mtoto wako mwenye simu anaweza kukusaidia.

Kwa mabasi yanayotubeba asubuhi kwenda mine, hatuombe, tunadai. Kila mwajiri alete kwa wajumbe wa wafanyakazi liste ya namba za shasi, na mbele ya kila namba iandikwe: rapeli iko ao hakuna, ilitengenezwa lini, na nani. Dereva aruhusiwe kukataa kuwasha basi lisilo kwenye liste, bila kukatwa siku yake.