Hisabati mbili ni sawa, mlango uliofungwa si sawa
KAULI YA WIKI
Na Salma Mwinyi

Wizara ya Elimu ya Kenya ilifanya jambo la busara Aprili 2025. Mpango wa awali wa sekondari ya juu ulikuwa umeiacha hisabati nje ya masomo ya lazima. Wadau wakapinga, na Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: Core Mathematics kwa walio katika mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na Essential Mathematics, iliyo nyepesi zaidi, kwa mikondo ya Sayansi ya Jamii na ya Sanaa na Michezo.

Sipingi kuwepo kwa hisabati mbili. Chini ya mfumo uliotangulia wa 8-4-4, karibu kila mtoto, awe anaelekea sheria au uhandisi, alitahiniwa matriki, latitudo na longitudo, hadi kalkulasi. Wengi walikata tamaa mapema, wakabaki kukariri kanuni wasizozielewa. Heri mtoto wa namna hiyo aelewe barabara riba, asilimia na takwimu.

Ninachohofia ni mahali mpaka ulipochorwa. Hisabati imegawanywa kwa mkondo, wala si kwa uwezo wa mtoto. Masomo ya biashara yamo ndani ya Sayansi ya Jamii. Msichana anayeyachagua akiwa na miaka 15 huenda akifika 18 akataka kusomea uchumi au hesabu za bima, na chuoni masomo hayo hayaendi mbali bila kalkulasi. Hapo atakwama. Historia aliyoikosa mtu anaweza kuisoma mwenyewe likizoni. Hisabati haikubali hivyo: asiyeimudu aljebra hafiki kwenye kalkulasi, na pengo la miaka mitatu halizibwi kwa muhula mmoja.

Wapo watakaosema angechagua STEM tangu mwanzo. Kwa nini? Uhodari wa hesabu haumlazimishi mtu kupenda fizikia.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Kwanza, kila shule imruhusu mwanafunzi aliye nje ya STEM kusoma Core akiitaka na akiiweza, na ratiba ipangwe hivyo. Pili, yawepo masomo ya kuvukia kwa anayebadili nia katika Gredi ya 10 au 11. Tatu, vyuo vikuu vitangaze mapema ni kozi zipi zitakazompokea mwenye Essential. Mtihani wa KCSE wa 8-4-4 nao ulikuwa na hisabati nyepesi, Hisabati B, lakini ni shule chache tu zilizoifundisha. Hakuna mzazi anayevutiwa na somo asilojua litamfikisha wapi mwanawe.

Nanyi wazazi wa Gredi ya 9, kabla ya kuthibitisha mkondo, iulizeni shule swali moja: mwanangu akibadili nia, atavukaje? Shule isiyo na jibu haijawa tayari kumgawia mtoto hisabati ya kusoma.