Mashimo Thelathini na Mawili

Mwezi huu twapenda kuwaletea wasomaji wetu, na hasa vijana, namba moja tu: 4,294,967,295. Namba hii imefichika katika ubao wa bao, unaochezwa barazani toka milima ya Mbinga hata ufuko wa Mbamba Bay. Hatutaji bao ili kuwapoteza vijana na sala zao. Twataja mashimo yake, safu 4 za mashimo 8, jumla 32.

Tia punje 1 ya mchele katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, na kila shimo lipate mara mbili ya lililotangulia. Tukadirie punje elfu kuwa gramu 25. Safu ya kwanza ikiisha, punje zote ni 255, wala hazijazi kiganja. Safu ya pili ikiisha ni 65,535, nazo hazifiki kilo mbili. Ya tatu ikiisha ni 16,777,215, magunia manne ya kilo mia na zaidi kidogo. Ya nne ikiisha ndiyo namba yetu, na magunia yamepita 1,000!

Yatazameni mambo mawili. Kwanza, kila shimo huyazidi yote yaliyolitangulia kwa punje moja: la nne lina 8, matatu ya kwanza yana 7. Kwa hiyo shimo la mwisho peke yake limebeba zaidi kidogo ya nusu ya mzigo wote. Pili, namba hii hutokana na namba tasa tano: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zidisha tatu za kwanza, wapata 255, jumla ya safu moja. Zidisha kwa 257, wapata jumla ya safu mbili. Zidisha tena kwa 65,537, wapata ubao mzima. Mwenye shaka na ashike kalamu.

Wanavyuoni wetu waliijua hesabu hii. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alihesabu hivi hivi punje za nyumba 64 za sataranji.

Je, yatufaa nini? Mbinga ni nchi ya kahawa, na mkopo wa magoma wajulikana huko: mkulima hupewa fedha wakati wa dhiki, kisha hulipa kwa kahawa ya mavuno, ikihesabiwa kwa bei ya chini. Tuseme mtu amekopa gunia 1 arudishe 2, akashindwa, na kila mwaka deni likageuzwa kwa sharti lile lile. Baada ya miaka 7 adaiwa magunia 128. Hilo ni shimo la nane tu. Safu ya kwanza ndiyo kwanza imekwisha.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Aal Imran, aya ya 130, amewakataza waumini kula riba izidishwayo maradufu. Na katika Al-Baqara, aya ya 280, ameamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Wala sheria haikumfungia mkulima mlango: iko biashara ya salam, ambayo thamani yote hulipwa mbele, na kipimo, sifa na siku ya kupokea mazao hujulikana tangu mwanzo.

Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto kuzidisha kabla hawajajua kutia sahihi. Na kijana akiletewa karatasi ya deni, kwanza achore mashimo 8 mchangani, ahesabu.

Wabillahi tawfiq.