Hukumu Iliyosahau Siku ya Malipo

Majuzi nilipokuwa likizoni nyumbani Nyamarambe, mwalimu mmoja wa kike alinikabidhi nakala ya hukumu, akaniomba nimfasirie. Yeye na aliyekuwa mumewe, mwalimu pia, walijenga nyumba kwa mkopo wa benki walioutia sahihi wote wawili. Ndoa ilipovunjika, mahakama iliamuru mume abaki na nyumba, naye amlipe mke thamani ya nusu. Miaka mitatu imepita. "Daktari, hiyo nusu yangu iko wapi?" aliniuliza.

Sheria si taaluma yangu, isimu ndiyo. Hata hivyo, niliona kasoro ambayo ningeitia wino mwekundu katika insha ya mwanafunzi. Kitenzi cha kulipa kilisimama peke yake, bila siku ya mwisho, wala sentensi ya "asipolipa".

Tumeusifu sana, na kwa haki, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 27, 2023. Mke aliyekuwa amepewa na Mahakama Kuu asilimia 30 ya nyumba alithibitishiwa nusu, ingawa majaji walionya kwamba Kifungu cha 45(3) cha Katiba hakimgawii mtu nusu hivi hivi. Sharti mchango uthibitishwe. Tumetoka mbali tangu enzi za kuamuliwa kwa sheria ya Uingereza ya 1882. Lakini mjadala wetu umekwama kwenye asilimia, kana kwamba kugawa ndiko kulipana.

Neno "rehani" lingetuzindua. Rehani ni kile kitu kilichowekwa dhamana. Mahakama iligawa nyumba ambayo tayari ilikuwa imefungwa kwa mtu wa tatu, na benki hiyo haikuwa mshiriki wa kesi. Kwayo, wawili hao wangali wadeni, kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mke hakopesheki kwa sababu ya deni la nyumba asimolala. Mume naye si mnyang'anyi: makato hayaruhusiwi kuvuka thuluthi mbili za mshahara, na wake umefika ukingoni. Hulipa karo za watoto na mkopo pia, kisha hudai mkopo huo ukatwe kwenye nusu ya mwenzake. Akiacha kulipa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaipa benki njia: ilani ya miezi 3 isiyopungua, kisha ya siku 40, halafu mnada. Hapo hakuna nusu ya yeyote.

Jaji hahitaji sheria mpya ili aandike tarehe, aseme ni nani atakayelipa mkopo katika kipindi hicho, na kwamba siku ikipita nyumba iuzwe, benki ichukue chake, salio ligawanywe. Ni sentensi tatu tu.

Nilimshauri mwalimu arudi mahakamani kuomba tarehe hiyo. Alikunja karatasi zake taratibu, akaniuliza ni nani atakayemlipa wakili.