Askari Aliyevua Sare ni Mfanya Kazi



Wapo wanaotuuliza kwa nini karatasi ya chama cha wafanya kazi ijishughulishe na habari za askari waliostaafu. Wanasema askari ana serikali yake na pensheni yake, na sisi tuna taabu zetu za kutosha. Twawaomba watu hao wasimame jioni penye lango lo lote la kiwanda, wamwulize mlinzi anayeingia zamu ya usiku alifanya kazi gani zamani. Si mara moja watasikia jibu hili: nilikuwa jeshini. Alikuwa fundi wa magari, au wa simu za upepo, au msaidizi wa daktari. Leo ameshika rungu na tochi, na mshahara anaopewa ni wa mtu asiyejua kitu, kwa sababu ujuzi wake hauna karatasi ambayo tajiri ataitambua.

Huyo ni mwenzetu. Siku alipovua sare aliingia katika soko lile lile la kazi tulimo sisi, na akiuza jasho lake kwa bei ya chini, bei yetu nayo inashuka.

Hebu tutazame wengine walivyofanya. Marekani, tarehe 22 Juni 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari watakaorudi. Aliyetaka kusoma alilipiwa ada mpaka dola 500 kwa mwaka. Alipewa posho ya dola 50 kila mwezi, au 75 akiwa na watu wanaomtegemea. Asiyepata kazi alipewa dola 20 kwa juma, kwa muda usiozidi majuma 52. Ilipofika mwaka 1956 watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesomeshwa au kufundishwa kazi kwa sheria hiyo. Katika hao, milioni 2.2 ndio waliokwenda vyuo vikuu. Wengi zaidi walikwenda shule za ufundi, au walijifunza kazi viwandani na mashambani. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana, maana wanaosimulia habari hiyo kwa kawaida ni watu wa vyuo vikuu.

Mtu asidhani zawadi hiyo ilishuka kama mvua. Askari wa Marekani waliopigana Vita Kuu vya kwanza waliahidiwa mwaka 1924 malipo ambayo wangepewa mwaka 1945. Njaa ilipowabana, mwaka 1932, maelfu yao walikwenda Washington na wake zao na watoto, wakapiga kambi, wakadai walipwe mara moja. Serikali iliwatuma askari wenye farasi, vifaru na moshi wa kutoa machozi, vibanda vikachomwa moto. Walilipwa mwaka 1936. Waliotunga sheria ya mwaka 1944 walikuwa wameziona kambi zile zikiungua, wala hawakutaka kuziona tena. Na askari walikuwa na chama chao, kikubwa, chenye matawi kila mji, kikiwasukuma Wabunge usiku na mchana.

Lakini sheria nzuri yaweza kuharibiwa na mikono inayoitekeleza. Mbunge mmoja wa Mississippi, John Rankin, karibu aizuie sheria yote kamatini, kwa kuwa hakutaka mtu mweusi apate zile dola 20 za juma. Ilipopita, kazi ya kuitekeleza iliachiwa kwa sehemu kubwa maofisa wa mitaa, mabenki na shule za kila jimbo. Mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, ilihesabiwa mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa sheria hiyo. Watu weusi walipata miwili. Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu hata mara moja.

Matajiri nao hawakulala. Askari aliyejifunza kazi kiwandani alilipwa posho na serikali, basi wengine wakaona njia ya kupata mfanya kazi rahisi: wakamwita mwanafunzi, wakamlipa kidogo, serikali ikajaza pengo. Mwaka 1946 Bunge lao lililazimika kuweka mpaka na masharti. Shule za ufundi za uwongo ziliota kama uyoga, zikala ada. Twayasema haya kwa sababu hapa kwetu pia neno "mafunzo" limekwisha kuwa kofia ya kufunika mshahara mdogo. Wanachama wetu vijana wanajua tunasema nini.

Na wako waliosahauliwa kabisa. Mabaharia wa meli za shehena waliwapelekea askari wa Marekani risasi na chakula ng'ambo, wakazamishwa na nyambizi za Wajerumani, lakini sheria haikuwataja kwa kuwa hawakuvaa sare. Walitambuliwa mwaka 1988. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vitani sasa alikuwa mzee wa miaka sitini na zaidi. Chuo gani tena? Ndugu zetu wa bandarini Mombasa hawahitaji kuelezwa uchungu wa habari hii.

Tukirudi kwetu, twaona aibu kulinganisha. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 wapagazi wa Kariakoo walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa vizuri na jamaa hawakujulikana walipo. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa askari, lakini kwa askari Wazungu, na sehemu ya ardhi hiyo ilitwaliwa kwa Wanandi. Katika vita vya pili Waafrika wa Kenya karibu 98,000 waliingia jeshini, wengine wakafika Burma. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua hati za zamani zilizoonyesha kwamba wakati wa kuachishwa askari Mzungu aliweza kupata mara tatu ya alichopewa Mwafrika wa cheo kile kile. Wachache walipata masomo pale Jeanes School, Kabete. Wengine walitia fedha zao katika duka au lori, zikaisha, wakarudi kuomba kazi wakiwa na kipande.

Serikali ile ilidhani watanyamaza. Bildad Kaggia alitoka jeshini akaingia katika vyama vya wafanya kazi, na mwaka 1953 akahukumiwa Kapenguria. Waruhiu Itote aliyepigana Burma aliingia msituni, akaitwa Jenerali China.

Leo hatuwezi kumlaumu mkoloni kwa kila jambo. Nchi hii inayo sheria yake ya wanajeshi wastaafu, ya mwaka 2022. Askari wetu waliingia Somalia mwaka 2011. Wako waliouawa El Adde mwaka 2016, na wako waliorudi wakiwa na majeraha ambayo hayaonekani kwa macho. Wengi huacha jeshi wakiwa bado na nguvu za kazi, na watoto wakiwa bado shuleni. Sheria tumeiona. Sasa twauliza habari ya dirisha: mtu akitoka Lodwar au Kwale na bahasha yake, atakwenda dirisha gani, atamkuta karani gani, atajibiwa kwa muda gani? Mjane asiyejua namba ya kazi ya mumewe atasaidiwa na nani? Katika nchi yetu haki nyingi hufia pale kwenye benchi la kungojea, mtu akiambiwa aje kesho na nauli imekwisha.

Kwa upande wa ujuzi tuna shauri ambalo halihitaji kungojea sheria mpya. Matajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi kwa ajili ya mfuko wa mafunzo ya viwandani. Majaribio ya ufundi ya serikali, daraja la tatu mpaka la kwanza, yako. Basi askari aliyetengeneza injini jeshini kwa miaka kumi na tano afanyiwe jaribio bila malipo, tena kabla hajavua sare, apewe cheti kinachosema anachokijua, mfuko huo ulipe. Asirudishwe darasani kujifunza kushika spana. Na akiajiriwa, alipwe mshahara wa daraja lake kama ulivyo katika mapatano yetu, pasiwe na tajiri wa kusema huyu ana pensheni, kwa hiyo kidogo kitamtosha. Pensheni ni malipo ya kazi aliyokwisha fanya. Haimhusu tajiri hata kidogo.

Twajua wako wanachama watakaonung'unika kwamba mafundi hawa watawanyang'anya nafasi. Hofu hiyo si ya upumbavu, kazi ni chache. Lakini fundi mwenye cheti aliye ndani ya chama halipwi chini ya mapatano. Yule asiye na cheti, aliye nje ya lango, ndiye anayetumiwa kutuvunja.

Makatibu wa matawi wameombwa waandike majina ya wanachama wote waliowahi kuwa jeshini, pamoja na wajane. Kila mmoja alete karatasi yake ya kuachishwa, na nakala yake, kwa katibu wa tawi Jumamosi asubuhi kabla ya mwisho wa mwezi. Aliyepoteza karatasi aje vile vile, aseme namba yake na kikosi chake, naye ataandikiwa barua ya kuomba nyingine. Barua hiyo haina malipo, na ye yote atakayedaiwa chai aje atuambie.