Funga Kisanduku, Usifunge Macho

Leo nazungumzia visanduku. Sisemi yale masanduku ya bati tunayofungia vitu vyetu bwenini, la hasha! Nasema visanduku vya maandishi katika programu za tarakilishi, ambamo karani huandika jina la mwanafunzi, nambari yake na alama zake.

Baadhi ya wenzangu wanaotengeneza miradi ya somo la Tarakilishi kwa ajili ya KCSE wanadai ati kila kisanduku kiachwe wazi. Mimi nakataa. Jumla ya alama huhesabiwa na programu yenyewe. Mkono wa mtu unaigusa kwa nini? Mkulima wetu wa kahawa, hapa Meru na kule Embu, husoma kilo zake kwenye risiti lakini haziandiki yeye. Basi na iwe hivyo.

Hata hivyo, kufunga nako kuna namna. Katika Microsoft Access, ukiweka "Enabled" kuwa "No" peke yake, maandishi hufifia na huwezi hata kuyanakili. Ukikiacha kisanduku hai, ukaweka "Locked" kuwa "Yes", utasoma na kunakili, ila hubadilishi kitu. Hiyo ya pili ndiyo bora. Lakini jamani, kufuli la fomu si kufuli la jedwali! Mjanja akilifungua jedwali lenyewe atabadilisha alama huku kisanduku kimefungwa ndi.

Je, jina nalo? Hapo ndipo penye kazi. Kwa Wameru, Kirimi ni mvulana na Karimi ni msichana. Kwa Waembu kuna Njeru na kuna Njiru. Herufi moja tu! Jina likikosewa kisha likafungwa, kinacholindwa ni kosa. Mwenyewe ataambiwa "kompyuta imekataa", kumbe aliyekataa ni mtu.

Kwa maoni yangu, jina lifungwe baada ya mwanafunzi kulisoma mwenyewe na kulikubali. Ufunguo awe nao mtu mmoja anayejulikana, tuseme naibu wa mwalimu mkuu, na kila badiliko liandikwe: nani, lini, kwa nini.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Enyi wa Kidato cha Nne mnaounda miradi, zibeni ufa huu sasa, kabla jina la mtu halijafika kwenye cheti.