Kijiti na Jalada



Katika mikutano yetu ni desturi ya msemaji atakaye kutuhimiza umoja kuifananisha ofisi na timu ya mpira. Mfano huo ni mzuri, walakini kwa maoni yangu hautuenei. Wachezaji kumi na mmoja huonana wote kwa wakati mmoja, na mpira ukipotea kila mmoja ajua umepotea. Sisi hatuonani hivyo. Karani wa masijala hamwoni mshika fedha, wala mshika fedha hamwoni yeye. Kazi hupita kwa zamu, toka meza hata meza. Mfano wetu halisi umo katika mbio za kupokezana vijiti.

Wakimbiaji wanne hugawana mita 400, kila mmoja mia yake, na saa haimpimi mkimbiaji bali hupima kijiti. Katika Olimpiki za Rio de Janeiro mwaka 2016 Wajapani walitwaa nishani ya fedha kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika peke yake, ilhali hapakuwa hata mmoja wa wanne wale aliyewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Wamarekani wote wanne walikwisha kuivuka alama hiyo. Walifika wa tatu, kisha wakafutwa kwa kuwa kijiti kilipokezwa nje ya eneo lililowekwa. Mwaka 2008 huko Beijing kijiti chao kilikuwa kimeanguka, na mwaka 2024 huko Paris walifutwa tena kwa kosa la kupokezana. Miguu yao haikuwa na upungufu.

Basi tulitazame jalada la mjane aombaye mafao ya marehemu mumewe. Huandikwa vema masijala, huhakikiwa vema, huhesabiwa vema kwa mshika fedha. Kila mtu akiulizwa ataonyesha daftari lake kwamba alilishika siku mbili tu, na atakuwa amesema kweli. Lakini mama yule amekwisha kulipa nauli mara nne kuja dirishani, na kila mara ameambiwa, "Jalada bado halijafika." Siku zilizopotea hazimo katika daftari la mtu yeyote. Zimo baina ya meza na meza, au katika kabati la bwana aliyekwenda likizo na ufunguo mfukoni. Nani alaumiwe? Kwa desturi yetu, hapana mtu. Katika mbio, kijiti kikipokezwa nje ya eneo lililowekwa hafutwi mmoja. Hufutwa wote wanne.

Tena mpokeaji wa kijiti huanza kukimbia kabla hajakishika, na mtoaji hakiachii mpaka ahisi mwenzake amekikamata. Sisi twafanya kinyume. Mtoaji huliweka jalada katika trei akajiona amemaliza. Mpokeaji huanza ukurasa wa kwanza kana kwamba halijapata kusomwa na mtu. Mistari miwili tu, yenye kueleza lililokwisha na lililosalia, ingeokoa siku nyingi.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba sisi hupimwa mmoja mmoja, na kwamba meza moja yaweza kuwa na majalada mia mbili na ya jirani kumi. Ni kweli, wala sisemi mwenye mia mbili aongeze mbio. Ndiyo sababu nataka chama chetu kiwaombe wakuu wa idara wahesabu siku tangu ombi kupokelewa dirishani hata mwombaji kujibiwa, na hesabu hiyo iandikwe kwa jina la idara nzima. Hapo meza iliyoelemewa itaonekana, maana majirani wote watakuwa na sababu ya kuiombea msaidizi.

Naomba jambo hili litiwe katika shughuli za mkutano mkuu ujao, na matarishi waitwe kusema kwanza, kwa kuwa wao ndio wayaonao majalada yakiwa njiani.