Jeneza tunalo, machela hatuna

Ndugu Waislamu, ajali ya treni ya Igandu, mkoani Dodoma, Juni 24, 2002, iliua watu 281. Msiba ule ulikuwa wa reli. Siku hizi barabara ya Morogoro hutuletea majeruhi mmoja mmoja. Dodoma ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ya Benjamin Mkapa, lakini aliyeumia huko Kibaigwa hupakiwa garini kama gunia, damu ikimwagika njia nzima.

Suratul Maida, aya ya 32, imeitukuza mno nafsi moja iliyookolewa. Kumzika maiti ni faradhi kifaya. Kumnusuru anayekaribia kufa ni faradhi vilevile. Mbona basi misikiti yetu mingi ina jeneza na haina machela? Sanda tunaichangia kwa saa moja (na hilo ni jema), ila mafuta ya kumkimbiza majeruhi tunabishania.

Wengine huhofia fomu ya polisi, PF3. Serikali imekwisha kusema mara kadhaa kuwa matibabu ya dharura yatangulie, fomu ifuate.

Tunaziomba kamati za misikiti, kuanzia Kibaigwa hadi Dodoma mjini, zinunue machela, na vijana wafundishwe kulikandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, mpaka wafike hospitali.